Aliyefiwa Aachwe Akimbie?

Hoja: Msichana wa kidato cha tatu wilayani Kaliua amefiwa na baba. Ni mkimbiaji wa mita 800, mwepesi wa miguu na mwepesi wa hasira, na katika miezi hiyohiyo amependa kwa mara ya kwanza. Aendelee na timu ya shule, au awekwe chini ya macho ya nyumbani hadi atulie?

MWALIMU WA MICHEZO: Kwa kijana wa miaka 16, msiba hukaa mwilini kabla ya kufika mdomoni. Usingizi hukatika, ugali haushuki, miguu haitulii chini ya dawati. Asiye mwanamichezo huishia kugombana na wadogo zake au kulala mchana kutwa. Mwanamichezo ana pa kuipeleka hali hiyo: barabara ya vumbi inayoambaa na reli, alfajiri, kabla wenzake hawajaanza mchakamchaka. Mazoezi huleta njaa, njaa humrudisha kwenye sahani, uchovu humrudishia usingizi. Tena uwanjani ndipo anapoulizwa mzunguko wa kwanza umekwenda kwa sekunde ngapi, badala ya kutazamwa kwa jicho la pole. Kumtoa kwenye timu kwa jina la kumlinda ni kumfilisi mara ya pili. Amempoteza baba, apoteze pia wenzake, ratiba, na jambo analolifanya vizuri kuliko wote darasani?

SHANGAZI: Mbio hazina ugomvi na nyumbani. Nyumba yenye msiba ina utaratibu wake: matanga, arobaini, eda ya mjane ya miezi minne na siku kumi kwa Waislamu, ibada za kumbukumbu kwa Wamoravian na Wakatoliki. Humo kila mmoja ana pa kukaa na kazi ya kushika, na mtoto wa kike hukaa karibu na mama yake. Anayetoka giza halijapasuka na kurudi jua limezama, huyo hayupo. Mama analia peke yake, wadogo wanauliza dada yuko wapi, majirani wanahesabu. Halafu lipo la tabia. Mtoto anayejibu kwanza na kufikiri baadaye, aliyewahi kumtupia mwamuzi mpira wa netiboli kifuani, haachiwi kamba katika majira ambayo hata mtu mzima akili yake haiko sawa.



MWALIMU WA MICHEZO: Eda inamfunga mjane, haimfungi binti. Kwa ndugu wengine mafundisho ya Kiislamu yameweka siku tatu, basi.

SHANGAZI: Siku tatu ni kikomo cha kuacha mapambo na manukato. Kumkalia mama karibu hakukuwekewa kikomo, Mwalimu.

MNASIHI: Pande zote mbili zinasema kana kwamba huzuni ni safari yenye kituo cha mwisho. Fikra hiyo imeenea kwa sababu ya hatua tano zinazotajwa kila mahali: kukataa, hasira, kujadiliana na majaaliwa, sonona, kukubali. Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa wenyewe. Hakuwa akiwachunguza watoto wa marehemu. Hata hivyo mpaka leo mfiwa hutazamiwa apande ngazi hizo moja baada ya nyingine, na asiyezipanda huonekana ana kasoro.

Maelezo yanayomfaa zaidi msichana huyu yalitolewa mwaka 1999 na Margaret Stroebe na Henk Schut wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi. Kwa maelezo yao mfiwa huenda na kurudi. Kuna saa za marehemu: kulia, kukumbuka, kushika nguo zake. Kuna saa za maisha yanayoendelea: masomo, kazi, michezo, kicheko. Afya imo katika kule kwenda na kurudi. Kwa hiyo msichana anayelia saa tisa na kucheka saa kumi si mnafiki wala hajasahau. Anayestahili kuangaliwa ni aliyenasa upande mmoja. Hapo Mwalimu ana swali la kujibu: mbio zinampumzisha ili aweze kurudi kwenye huzuni yake, au zinamfungia mlango asirudi kabisa? Shangazi naye ana lake: kukalishwa mkekani kunampa nafasi ya kulia, au kunamnyima nafasi ya kupumua?

MWALIMU WA MICHEZO: Na jibu linajulikanaje?

MNASIHI: Kwa kumtazama muda mrefu kuliko ilivyozoeleka. William Worden na Phyllis Silverman waliwafuatilia watoto 125 wa familia 70 huko Boston, Marekani, wote wakiwa wamefiwa na mzazi. Mwaka wa kwanza hawakutofautiana sana na watoto wenye wazazi wote wawili. Tofauti ilijitokeza zaidi mwaka wa pili. Ukiweka hilo kando ya desturi, pengo linaonekana: siku ya mazishi ua unajaa, siku ya arobaini unajaa nusu, na mwaka wa pili, mtoto anapoanza kuanguka, hakuna anayeunganisha kuanguka kwake na kaburi.

SHANGAZI: Katika hilo la kwenda na kurudi, wazee walitangulia. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulikomaa kwenye misafara, njia hii ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji. Mtani aliingia msibani akamwigiza marehemu: kikohozi chake, mwendo wake, ubahili wake. Waliokuwa wakilia wakacheka machozi hayajakauka. Hilo halikungoja chuo kikuu. Ila lilifanyika uani, mbele ya watu wazima, si barabarani saa kumi na moja alfajiri.

MNASIHI: Na lilikoma matanga yalipoondolewa. Mtani alirudi kwake.

SHANGAZI: Alirudi, ukoo ukabaki. Ukoo hauna tarehe ya kuondoka.

MWALIMU WA MICHEZO: Turudi kwenye haraka yake, kwa kuwa ndiyo inayomponza machoni pa nyumbani. Haraka si ugonjwa wa kuponywa. Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, Filbert Bayi wa Tanzania alichomoka mbele tangu mlio wa bastola katika mita 1500, akabaki mbele hadi kwenye utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Kwa jicho la asiyejua, ule ni wazimu. Ilikuwa mbinu iliyopangwa na kufanyiwa mazoezi. Mita 800 zinamfundisha msichana jambo hilohilo. Mwenye uwezo wa kukimbia mzunguko wa kwanza kwa sekunde 70 akiukimbia kwa 64, mita 200 za mwisho mabega hupanda hadi masikioni, taya hukakamaa, hatua hufupika, na wasichana watatu humpita akiwatazama. Hakuna hotuba ya mstarini inayoeleza gharama ya pupa kwa uwazi huo. Deni hulipwa dakika ileile, na anayelipa ni yeye.

SHANGAZI: Redio iliyotangaza Christchurch ilitangaza na Olimpiki ya Moscow. Mwaka 1980, mita 3000 za kuruka viunzi na maji, Bayi alichomoka vilevile, akawaacha wenzake mbali, na Bronisław Malinowski wa Poland akamkamata mzunguko wa mwisho. Bayi akarudi na fedha. Kwa mtu mzima medali ya fedha ni heshima. Msichana wa Kaliua akikamatwa mzunguko wa mwisho, wa maisha siyo wa uwanja, hapewi medali.

MNASIHI: Kuhusu ubongo wa umri huo mengi yanajulikana. Sehemu ya mbele, inayopima matokeo na kuvuta breki, ndiyo hukomaa mwisho, hata baada ya miaka 20. Sehemu zinazotafuta raha na sifa huwa zimeshawaka. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha jaribio la mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana wakicheza peke yao, hatari walizojitia hazikuwa nyingi sana. Marafiki wakisimama nyuma yao wakitazama, hatari ziliongezeka mno. Kwa watu wazima kutazamwa hakukubadilisha kitu cha maana. Maana yake kwa mjadala huu ni kwamba uwanja uliojaa wenzake unamfunza nidhamu na kumchochea kwa wakati mmoja. Mwalimu anauona upande wa kwanza tu.

DADA MKUU: Shikamooni.

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu.

DADA MKUU: Imetajwa rekodi, ametajwa mtani, ametajwa mama. Kijana aliyependwa hajatajwa. Watu wazima huamini mapenzi yamekuja kuvuruga msiba. Kwa wasichana wengi yameingilia mlango wa msiba wenyewe. Arobaini ikishapita, jina la baba halitamkwi tena ndani ya nyumba. Mama akilisikia analia, kwa hiyo wadogo wamekatazwa. Baba wadogo wanahesabu kuni za bani na mitumba ya tumbaku. Walimu wanaogopa kumliza darasani. Ndipo mvulana wa kidato cha nne, wakitoka mazoezini, anauliza, "Baba yako alikuwa mtu wa namna gani?" Msichana anazungumza kutoka uwanjani hadi kivuko cha reli, na kesho yake tena. Usiku kitochi kinawaka chini ya shuka, meseji za kuulizana kama umekula. Mapenzi yanaanzia hapo. Hakuna zawadi iliyotolewa.

SHANGAZI: Mwenye pikipiki naye anajua kuuliza hivyohivyo. Kaliua ni njia panda ya reli. Treni ya Kigoma inapita, na njia ya Mpanda inachepuka hapahapa. Wageni hawaishi. Msimu wa masoko ya tumbaku fedha zinatembea, pikipiki mpya zinatembea, na shule ziko mbali na vijiji. Lifti ya leo, chipsi za kesho, vocha ya keshokutwa. Matangazo ya redio ya Fataki yalianza kurushwa mwaka 2008 kwa sababu watu hao wapo, na jina likawakaa hadi leo. Msichana mwenye majonzi ndiye rahisi kuliko wote. Haombi fedha, anaomba mtu wa kumsikiliza, na wa namna hiyo ndiye ghali zaidi kumrudisha.

DADA MKUU: Mvulana wa kidato cha nne si fataki, Shangazi.

SHANGAZI: Tumbo halitofautishi.

DADA MKUU: Msichana anatofautisha. Akiona mwenzake wa shule na mtu wa miaka 35 wanaitwa kwa jina moja, anakoma kuwaambia wakubwa habari za wote wawili. Siku fataki akija kweli, hatakuwa na wa kumwambia.

MNASIHI: Sheria inawatofautisha kidogo. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, aliye chini ya miaka 18 akiingiliwa, ridhaa yake haihesabiki. Mtu mzima anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30. Mvulana wa miaka 18 au chini yake, likiwa kosa la kwanza, adhabu yake ni viboko. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yakaongeza kifungo cha miaka 30 kwa anayeoa mwanafunzi au kumpa mimba. Sheria hizi zote huzungumzia mwisho wa safari. Kwa kusindikizana hadi kwenye kivuko hazina la kusema, na hapo ndipo wanafunzi wengi walipo. Mtu mzima anayebaki kimya mpaka sheria ipate la kusema amechelewa.

MWALIMU WA MICHEZO: Ndiyo maana timu inafaa. Msichana mwenye mazoezi jioni, mashindano ya kata, kisha ya wilaya, kisha ya mkoa, ana jambo mbele yake linaloweza kusubiriwa. Anayetaka kufika UMISSETA, mashindano ya taifa ya shule za sekondari, ana sababu yake mwenyewe ya kusema "bado". Sababu ya kupewa na shangazi haidumu hadi kivuko cha reli.

SHANGAZI: Na UMISSETA ni kambi. Wiki kadhaa, mabweni ya shule za watu, mikoa yote, usiku. Wasichana wa mbio wa Afrika Mashariki wamezikwa na watu waliojiita wapenzi wao. Agnes Tirop wa Kenya alikuwa na miaka 19 alipokuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika kule Guiyang, China, mwaka 2015. Septemba 2021 aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake pekee. Mwezi uliofuata alikutwa Iten amechomwa kisu, hajafika hata miaka 26, na mumewe ndiye aliyeshtakiwa, akakana. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyetoka kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na aliyekuwa mpenzi wake, akafia hospitalini Eldoret. Hawa walikuwa na kasi, na kasi haikuwaokoa. Kasi ndiyo iliyowaletea fedha, na fedha zikawaletea watu.

MWALIMU WA MICHEZO: Uwanja haukuwaua. Wanariadha wenzake Tirop ndio walioanzisha Tirop's Angels, wakasema hadharani kwamba msichana anayekimbia vizuri huzungukwa mapema na wanaume wanaotaka kushika safari zake, simu yake na fedha zake. Hiyo ni hoja ya kuweka uangalizi ndani ya michezo.

SHANGAZI: Uangalizi wa nani? Wa kocha?

MWALIMU WA MICHEZO: Siyo wa kocha peke yake, na hapa walimu wa michezo wana la kukubali. Mwanamume mmoja hapaswi kuwa kocha, mtunza simu, mtoa nauli na mfariji wa msichana yuleyule. Matroni awepo, na awe mtu wa Kaliua anayejulikana kwa mama. Ujumbe wa kocha upitie kwenye simu ya nyumbani. Mazoezi yafanyike mahali panapoonekana. Hilo likikubaliwa, nyumbani nako kukaguliwe vilevile. Utafiti wa Afya na Demografia wa mwaka 2010 uliwauliza wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa lini. Katika Mkoa wa Tabora, 58 kati ya kila 100 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Ni Shinyanga peke yake iliyoupita, kwa 59. Wasichana wale hawakuolewa kambini. Waliolewa nyumbani, kwa baraka zote, ng'ombe wakiwa wamehesabiwa.

SHANGAZI: Siyo kila shangazi ana zizi.

MWALIMU WA MICHEZO: Siyo kila kocha ana pikipiki.

MNASIHI: Kifo cha baba kinaingia hapa kwa namna isiyosemwa sana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya baba, na baba akiwa amefariki, ridhaa huwa ya mama. Mama huyo yumo katika majonzi, pengine analima shamba lililo mikononi mwa shemeji zake, na ana watoto wadogo wanne. Kisheria ridhaa ni yake. Barazani wanaozungumza ni wengine. Mwezi Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ikaafiki tarehe 23 Oktoba 2019. Serikali ilikuwa imepewa mwaka mmoja kurekebisha, na mwaka huo ulikwisha bila marekebisho. Basi msichana aliyefiwa yuko katika kipindi ambacho kinga yake ya asili, baba aliyeweza kukataa, imeondoka, na ya sheria haijakaza.

SHANGAZI: Ifahamike pia kwa nini nyumba zilifika huko. Miaka mingi mimba ilimaanisha kufukuzwa shule. Juni 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba chini ya utawala wake aliyepata mimba hatarudi darasani. Hadi tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alipotangaza kwamba wanaweza kurudi, mzazi alikuwa anachagua kati ya binti aliyeolewa na binti aliyefukuzwa. Aliyeolewa alikuwa na mahali pa kulala. Kuwaita wazazi wale wauza watoto ni kusahau nani alikuwa amefunga mlango wa pili.

MNASIHI: Mlango umefunguliwa, hofu haijatoka. Mfano mmoja unaonyesha hofu hiyo inavyoweza kumuumiza mtoto asiye na kosa. Msichana anayefiwa hula kidogo. Huyo huyo akiongeza mazoezi, kilomita nane alfajiri na mbio fupi jioni, kwa sahani moja ya ugali na maharage mchana, mwili huanza kubana matumizi. Kazi moja ambayo mwili huisimamisha mapema ni hedhi. Miezi miwili, mitatu, hakuna kitu. Madaktari wa michezo wanaijua hali hii vizuri: nishati inayoingia haitoshi kufidia ile inayotoka, na ikiendelea hata mifupa hudhoofika. Nyumbani hesabu inasomwa kwa namna moja tu. Anaitwa chumbani, anaminywa tumbo, anaulizwa ni nani. Shuleni kipimo cha mimba kinafanywa mbele ya wenzake waliopanga foleni. Hana mimba, na hakuna anayemwambia kwa nini basi amekosa siku zake. Mvulana anayempenda anasikia habari hiyo kutoka kwa watu wa foleni.

DADA MKUU: Baada ya hapo ndipo anapotoroka.

SHANGAZI: Hilo la njaa halikujulikana nyumbani.

MNASIHI: Wala uwanjani. Dalili ilikuwa mbele ya wote wawili. Mwalimu aliona saa ya mzunguko inashuka, akafurahi. Shangazi aliona khanga hazifuliwi, akaogopa. Wangekutana wakaulizana, ingetosha matobolwa na karanga mfukoni kabla ya mazoezi, na kupunguza kilomita tatu.

MWALIMU WA MICHEZO: Ni kweli kwamba muda ulikuwa unashuka. Msichana mwenye majonzi anaweza kukimbia vizuri kwa miezi michache hata akiwa anaumia. Hilo makocha hawalisemi kwa sababu medali zinakuja.

SHANGAZI: Basi si dawa.

MWALIMU WA MICHEZO: Ni dawa yenye kipimo. Hata ya malaria ina kipimo chake.

DADA MKUU: Na viboko havina? Msichana huyu, wiki moja kabla ya mashindano ya wilaya, alitoka darasani katikati ya kipindi bila ruhusa. Mwalimu alikuwa amesema, "Kila mmoja amwambie baba yake aje kesho." Alitoka mbio hadi nje ya uzio. Aliporudi alichapwa kwa utoro.

MNASIHI: Kanuni za adhabu ya viboko shuleni zinataka visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au aliyepewa idhini, na msichana achapwe na mwalimu wa kike akiwapo. Hakuna kifungu kinachomtaka mchapaji aulize mtoto ametoka kwa nini. Msichana mwepesi wa hasira hukusanya adhabu nyingi katika mwaka wa msiba, na karibu zote zimeandikwa kwenye kitabu cha adhabu kwa neno moja: utovu. Ukizipanga kwa tarehe, nyingi huangukia siku ambazo jina la baba limetajwa, ada ya chakula imedaiwa, au fomu imetaka saini ya mzazi wa kiume.

SHANGAZI: Anachapwa kwa kukimbia darasani, anashangiliwa kwa kukimbia uwanjani, anatukanwa kwa kusindikizwa njiani. Mtoto mmoja, watu wazima watatu, kila mmoja na fimbo yake. Kwa hilo nyumbani kunaweza kulegeza. Aendelee na timu kwa masharti. Matroni atoke hapa. Mama ajulishwe kila safari, na yeye ndiye atie saini, siyo mjumbe wa ukoo. Jumapili isiwe ya mazoezi. Akae na mama yake, na jina la baba litamkwe, hata kama watalia hadi jioni. Huyo mvulana aje nyumbani mchana, asalimie, ajulikane ni mtoto wa nani.

MWALIMU WA MICHEZO: Yote yanabebeka.

DADA MKUU: La mwisho halibebeki. Mvulana wa miaka 17 akikaribishwa nyumbani kwa msichana, mtaa mzima utasema posa imepelekwa. Baba mdogo atauliza ng'ombe wangapi. Akisalimiana naye shuleni, Mnasihi akiwa anajua, na Shangazi akiwa anajua, inatosha.

SHANGAZI: Kujua bila kuona ni kudanganywa.

MNASIHI: Na kuona kila kitu ni kumfundisha kujificha. Nyumba nyingi zinazofanikiwa katika umri huu haziko kwenye kuona wala kutoona. Zina mtu mmoja anayeambiwa. Zamani kwa msichana mtu huyo alikuwa bibi au shangazi. Kazi hiyo haijapata mrithi, wala haikumfaa mtu aliyejipa kazi ya upelelezi.

SHANGAZI: Imesikika. Lakini msichana naye ajue kwamba anayeambiwa ana haki ya kusema hapana.

DADA MKUU: Hilo analijua. Ndiyo sababu hajasema mpaka leo.

MWALIMU WA MICHEZO: Imebaki tarehe. Mashindano ya taifa hayana makao ya kudumu. Mwaka 2021 yalikuwa Mtwara, mwaka 2022 yakaja Tabora, ambako mama angepanda gari asubuhi akamwona mwanawe akikimbia. Yakienda mbali, msichana atakuwa nje ya mkoa siku ambayo baba yake anatimiza mwaka.

SHANGAZI: Mwaka wa baba haukimbiwi. Siku hiyo atakuwa Kaliua. Mita 800 atakimbia mwingine.

DADA MKUU: Baba ndiye aliyekuwa akimshikia saa ya mkononi pembeni ya uwanja, tangu akiwa darasa la tano. Wengine wangesema kukimbia siku hiyo ndiyo kumbukumbu.

SHANGAZI: Wengine hawatakuwa na mama yake kaburini.

MNASIHI: Ratiba hutangulia kutoka. Ibada au hitima inaweza kusogezwa Jumamosi moja nyuma au mbele, kama watu wanavyosogeza kusubiri jamaa wa mbali.

SHANGAZI: Ya ukoo husogezwa na baba mdogo. Na baba mdogo hajaulizwa.

MWALIMU WA MICHEZO: Aulizwe kabla majina hayajapelekwa wilayani.

SHANGAZI: Aulizwe na mama, siyo na kocha. Na kwanza aulizwe mtoto.